Kabla ya Kuvunja Kitawi, Mtafute Mwenye Mkasi

Leo naanza na ujumbe wa msomaji wetu wa Kangari, kule juu Murang'a ambako mashamba ya chai yanakaribia kuugusa msitu wa Aberdare. Anasema alipanda matatu hadi Nyeri kumtembelea binti yake shuleni, akafika mapema, akaingia kupumzika kwenye bustani ya umma. Hapo akaona bogenvilia ya rangi ya chungwa ambayo kwao hajawahi kuiona. Akavunja kitawi chenye maua, akakizungushia kitambaa kilichoroweshwa maji, akakitia mkobani. Jioni mumewe akamwambia amegeuka mwizi wa maua, na ubishi haujaisha hadi leo. Yeye anashikilia kwamba bustani ni ya umma, yeye ndiye umma, kodi analipa, na isitoshe tawi litaota tena. Anauliza amekosa wapi. Mwishoni ameongeza maswali mawili: je, anaweza kuanzisha kitalu cha kuuza miche kwa vipandikizi vya kuokoteza namna hiyo? Na msituni nako, mambo ni yale yale?

Mdogo wangu, mumeo yuko sahihi, ingawa neno alilolitumia ni kali kwa mtu aliyevutiwa na ua. Nitakueleza kwa nini, kisha nikuonyeshe njia ya kupata kitawi hicho ukiwa na amani ya moyo. Njia ipo, na ni rahisi kuliko unavyodhani.

Tuanze na hilo la umma. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 62, inasema ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi wake. Jedwali la Nne nalo linaikabidhi kaunti kazi ya kutunza bustani na sehemu za burudani. Kwa hiyo ni kweli bustani ni yako, ila ni yako kwa jinsi shamba la babu ambalo halijagawanywa lilivyo la wajukuu wote. Utaingia, utakaa kivulini, utaleta watoto wacheze. Lakini siku ukiingia na panga ukakata mparachichi kwa kuwa nawe ni mjukuu, ukoo mzima utaitwa kikao. Haki ya kila mtu kwa pamoja haimpi mtu mmoja ruhusa ya kujigawia peke yake.

Na hilo la tawi kuota tena? Siku nyingine ukiingia bustani yoyote ya mji, usitazame katikati. Tazama vichaka vilivyo karibu na lango na vile vinavyopakana na njia ya miguu. Utaona vimenyolewa kuanzia goti hadi kimo ambacho mkono wa mtu mzima unafika, halafu juu huko ndiko maua yalikosongamana. Aliyevinyoa si mtunza bustani. Ni mimi na wewe na yule aliyetutangulia, kila mmoja akichukua kimoja tu. Tena mara nyingi hatukati, tunanyofoa. Tawi likinyofolewa huondoka na utepe wa gome kutoka kwenye shina, na jeraha lile refu lisilo na ukingo safi ndilo mlango wa ukungu na wadudu. Mti uliokatwa kwa mkasi mkali juu ya jicho la jani hufunga kidonda chake upesi. Ule ulionyofolewa huoza kuelekea ndani, na mwaka unaofuata mtunza bustani analazimika kukata tawi zima.

Mtunza bustani huyo nataka tumfikirie kidogo, kwa sababu katika ujumbe wako hayumo kabisa. Januari na Februari, jua la Nyeri linapokausha nyasi, ndiye anayebeba maji. Wengi wao ni vibarua wa kaunti. Kitanda cha maua kikionekana kimechakaa, anayeulizwa na msimamizi ni yeye, wewe ukiwa umeshafika Kangari.

Sasa sikiliza jambo ambalo pengine litakuuma zaidi ya sheria. Kitawi ulichochukua hakitashika mizizi kirahisi. Ulikichagua kwa sababu kilikuwa na maua, na ncha changa yenye maua ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote kwa kupanda: nguvu yake yote inakwenda kwenye ua, shina lake ni laini, na hunyauka au kuoza kabla ya mizizi kutoka. Bogenvilia hushika kwa tawi lililokomaa, lililoanza kuwa gumu, la unene wa penseli, lenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, lisilo na ua hata moja. Waridi ni vivyo hivyo: unachukua shina ambalo ua lake limekwisha kupukutika. Jeraniamu unaikata na kuiacha ikauke pale kwenye jeraha kwa siku moja kabla ya kuichomeka udongoni.

Unajua matawi magumu ya unene wa penseli, yasiyo na maua, yanapatikana wapi? Kwenye rundo la takataka la mtunza bustani, siku anapopogoa. Bustani yoyote inayotunzwa vizuri hupogolewa, na yanayokatwa hutupwa, huozeshwa kuwa mbolea au huchomwa moto. Tunavunja maua yasiyotaka kuota, na yale yatakayoota tunayaacha yachomwe, kwa sababu tu hatukufungua mdomo kuuliza.

Basi fungua mdomo. Mfuate yule mzee mwenye mkasi au kijana mwenye toroli, msalimie, muulize habari ya kazi, umsifie ua lake kwa sababu kweli limekuvutia. Halafu mwambie: nimeipenda hii bogenvilia, mnaipogoa lini, na mkipogoa naweza kupata matawi mawili matatu ya kupanda nyumbani? Wengi watafurahi. Si kila siku mtu anawauliza habari za kazi yao kama mafundi. Atakuambia uje baada ya mvua, au atakuonyesha rundo la juzi nyuma ya banda. Akikuambia hana mamlaka, muulize mwenye nayo ni nani: kaunti ina idara inayosimamia bustani, na ofisi iko wazi. Akikataa, ukubali. Huenda mmea umepandwa majuzi, au ndio pekee walio nao.

Hapa nina onyo. Usimtolee noti ya hamsini ili ageuke upande wa pili ukate unachotaka. Tawi lililo kwenye mti si lake kuliuza, na ukimlipa unamtia kwenye kosa ambalo linaweza kumgharimu kazi. Kama amekupa kutoka kwenye rundo la kutupwa na ukataka kumnunulia soda kwa kukutafutia, hiyo ni shukrani, nami siioni vibaya. Tofauti unaijua.

Wewe wa Kangari ndiye hasa usiyehitaji kufundishwa thamani ya kipandikizi. Mlima wenu mzima umepandwa hivyo. Jani moja na kipande kifupi cha shina chini yake, kimechomekwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki wenye udongo, kikafunikwa na nailoni na kutiwa kivuli kwa miezi hadi mizizi ishuke: hivyo ndivyo shina moja lililochaguliwa na watafiti lilivyozaa mashamba yote ya aina ya TRFK 6/8 ambayo wazazi wenu walipanda. Chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, ilipita njia hiyo hiyo. Ilitoka kwa watafiti wa Kericho, ikaingia kwenye vitalu, ikawafikia wakulima kwa utaratibu unaojulikana. Mashina mama yalitunzwa ili yatoe vipandikizi, na kila mtu alijua vimetoka wapi. Mmea mmoja umelisha kaya nyingi sana bila mtu kuruka ua wa mwenzake.

Hata bogenvilia zenyewe zilisambaa kwa kupangwa. Nairobi ilijaa rangi kandokando ya barabara zake kwa sababu msimamizi wa bustani za jiji, Peter Greensmith, aliyeshika kazi hiyo tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960, alizizalisha na kuzipanda mahali pa umma ili kila apitaye azione. Kwa miaka mingi waliotembea Uhuru Highway walikula matunda ya kazi ile.

Na desturi zetu je? Mama zetu wamegawana mbegu maisha yao yote. Kamba za viazi vitamu, vichwa vya nduma, vijiti vya nepia, migomba midogo: vyote vilipita juu ya ua bila shilingi. Lakini vilipita kwa kuombwa. Uliingia kwa jirani mchana, ukaketi, ukanywa chai, ukasema shida yako, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika panga akakukatia, kwa kuwa alijua ni upande gani ukikatwa hauumizi. Aliyekuta kamba zake zimekatwa usiku hakusema amegawana na jirani. Na Wagikuyu walikuwa na itoka, ua la kupandwa mpakani mwa shamba, ambalo kuling'oa kulikuwa kosa zito lililoweza kumletea mtu laana. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuheshimu mmea wa mahali fulani ni mambo ya kizungu.

Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota hata kuni kwenye mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti ule palikuwa na kijito alichokuwa akicheza nacho utotoni. Alipokua na kurudi, mti ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. Fikiria mtoto mdogo anafundishwa kwamba hata kijiti kikavu kilichoanguka chini ya mti fulani hakichukuliwi hivi hivi. Mtoto huyo ndiye aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na mwaka 1989 akasimama kuitetea Uhuru Park isijengwe jumba la ghorofa 60. Kama bustani za umma bado zipo za kukuvutia, ni kwa sababu kuna watu walikubali kupigwa na kutukanwa kwa ajili yake.

Nije msituni. Hapa, mdogo wangu, jibu langu ni fupi na sitalegeza: usichukue. Uzio wa umeme unaozunguka Aberdare, uliokamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa takriban kilomita 400, haukuwekwa kwa ajili ya ndovu peke yao. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inahesabu matawi, magome, maua, mbegu na mimea kuwa mazao ya msitu, na kuyatoa bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ni kosa la jinai. Okidi zile zinazokaa juu ya matawi ya miti, ambazo wengine hupenda kuzibandua na kuzifunga kwenye mparachichi wa nyumbani, zote zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mti wa muiri nao umo tangu 1995, na gome lake linatafutwa sana kwa dawa za tezi dume; ukibanduliwa gome kulizunguka shina lote, hufa. Okidi ya msituni, tena, ikishahamishiwa uani kwako kwenye hewa nyingine na mti mwingine, kwa kawaida hudhoofika na kufa. Anayetaka kuupenda msitu kwa mikono yake ajiunge na chama cha jamii cha msitu kilicho karibu naye. Humo ndani watu wanaotesha miche ya kiasili kwa ruhusa, kwa mbegu zilizokusanywa kwa utaratibu.

Kuna bustani pia ambazo ndani yake mmea mmoja unabeba aina yake nzima. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Eberhard Fischer, alikuta kando ya chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, kusini magharibi mwa Rwanda, yungiyungi dogo kuliko mayungiyungi yote duniani, ambalo jani lake laweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Baadaye maji ya chemchemi ile yalielekezwa kwingine kwa matumizi ya watu, na yungiyungi likatoweka pale. Likabaki kwenye bustani za Ulaya, na ikachukua jitihada kubwa hadi mwaka 2009 ndipo mtunza mimea wa bustani ya Kew, London, Carlos Magdalena, alipogundua namna ya kulikuza. Januari 2014 mtu aliingia pale kama mgeni mwingine yeyote, akang'oa moja akaondoka nalo. Polisi wakaitwa kwa mmea unaotoshea kiganjani. Naona uchungu kila ninapofikiria habari hiyo, kwa kuwa ule ni mmea wa huku kwetu. Basi ukiona mmea wenye kibao cha jina, iwe Arboretum ya Nairobi, ambayo imekuwapo tangu 1907, au kwingineko, mikono nyuma. Mmea wenye kibao upo kwa ajili ya kusomwa na kutafitiwa, na mara nyingi mlinzi hajui kama uko mmoja au iko kumi.

Sasa kitalu. Nakuunga mkono kabisa kufungua kitalu, Kangari inakihitaji. Ila usikijenge kwa vya kuokoteza. Kwanza, kuchukua kitawi kimoja cha kupamba kwako ni kosa dogo. Kuchukua vya umma ukaviuze ni kugeuza jasho la walipakodi wote kuwa faida ya mtu mmoja, na hapo sina neno laini. Pili, aina mpya za mimea, hasa mawaridi ya wakulima wa maua, zina wenyewe: Kenya iliingia mwaka 1999 kwenye mkataba wa UPOV unaolinda haki za waliobuni aina mpya, na anayezizalisha kibiashara bila idhini anaweza kushtakiwa. KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, ndio wa kuwaendea kuuliza masharti ya kitalu.

Tatu, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, mmea usioujua ulikotoka huja na ugonjwa wake. Mnakumbuka nepia za huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilivyoanza kutoa vichwa vyeusi vya unga na kudumaa hadi ng'ombe wakakosa lishe? Ugonjwa ule ulisafiri pia ndani ya vijiti ambavyo majirani waligawana kwa nia njema, na wakulima wakalazimika kubadili na kupanda Kakamega 1 inayoustahimili. Mpungate nao uliletwa Laikipia kuwa uzio na pambo. Kila kipande kinachodondoka huota, na leo umefunika malisho ya wafugaji na kuumiza midomo ya mifugo kwa miiba. Nunua mashina mama machache kwa mtu anayejulikana, yatunze, uzalishe kwako. Ndani ya miaka miwili utakuwa na vipandikizi vyako mwenyewe, na mteja akikuuliza umevitoa wapi utamjibu ukimtazama usoni.

Na nikushauri kama dada: usianze na bogenvilia. Inapenda jua kali na udongo usiokaa maji, na kule kwenu kwenye baridi na ukungu itakupa majani mengi na maua ya kuhesabu. Kangari ni nchi ya haidrenja. Udongo wa chai una asidi, na udongo wenye asidi ndio unaoipa haidrenja ile rangi ya buluu ambayo watu wa Nairobi hununulia dawa dukani kuitafuta. Kata chipukizi lisilo na ua, lenye jozi mbili au tatu za majani, ondoa majani ya chini, yale ya juu yapunguze nusu, chomeka kwenye udongo mwepesi wenye unyevu na kivuli. Sijui kitalu cha Kiambu kitakachokushinda kwa rangi hiyo.

Kile kitawi ulichokitoa Nyeri usikitupe, kukitupa hakurudishi kitu. Kata sehemu ya maua, jaribu bahati yako na shina lililobaki. Kikishika, zalisha kingine kutokana nacho, uende nacho Nyeri siku ya kumtembelea binti, umkabidhi mtunza bustani, na umweleze ulivyokipata. Na mumeo mwambie ameshinda ubishi, lakini shimo la haidrenja atachimba yeye.

Wenzangu mliobaki, nina ombi linalotuhusu sote, kuanzia Murang'a hadi Nyeri, Karatina, Nanyuki na Kerugoya. Bustani zetu zinapogolewa bila wakazi kuambiwa, na matawi mazuri yanachomwa. Kaunti ingeweza kutangaza siku ya kupogoa, ikaweka meza langoni, ikagawa au kuuza vipandikizi kwa bei ndogo yenye risiti, na fedha hizo zikanunua mipira ya maji. Haihitaji bajeti mpya, inahitaji tangazo. Mwandikieni mwakilishi wadi wenu wiki hii, mumwombe alipeleke hilo kwenye bunge la kaunti kabla ya mvua ndefu za Machi.